Sahani Saba Kichanjani

“Bibi, kwenye mji huu mko watu wangapi?”

Dorkas aliuliza akiwa amesimama wima, daftari wazi, kalamu tayari. Alikuwa darasa la sita. Mwalimu wa Maarifa ya Jamii alikuwa amewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aende kwa jirani, aulize kaya ina watu wangapi, watoto wangapi, wazee wangapi, alete Jumatatu. Wenzake walikimbilia nyumba za watu wawili watatu ili wamalize mapema wakacheze. Dorkas akaenda kwa Nyamburi kwa sababu kwa Nyamburi kulikuwa na watoto, na yeye alitaka namba kubwa.

Nyamburi alikuwa ameinama juu ya mwamba, anageuza udaga, vipande vya muhogo uliovundikwa, uliokuwa unakauka. Hakuinua kichwa.

“Watu? Si unawaona.”

“Nawaona, Bibi, lakini natakiwa niandike.”

“Basi andika, wapo.”

“Bibi jamani! Wapo siyo namba.”

Robi, mama wa wale watoto, aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni, alicheka. “Mwambie tu, Mama. Huyu atachapwa bure.”

Dorkas akaona ahesabu mwenyewe. Akamnyooshea kidole Ghati, binti mkubwa, akasema mmoja. Hakufika wa pili. Nyamburi alikuwa ameshateremka pale mwambani. Akakishika kile kidole, akakikunja taratibu ndani ya kiganja cha Dorkas mwenyewe, kama mtu anayerudisha kisu kwenye ala yake.

“Watoto hawahesabiwagi,” alisema. “Hata ng’ombe hawahesabiwi hivyo. Ng’ombe unamjua kwa rangi yake. Jioni usipomwona, unajua ni fulani. Ukianza kusema wako kadhaa, kuna kinachosikia.”

“Nini kinasikia?”

“Nenda kwenu, mwalimu. Utaniuliza siku nyingine.”

Dorkas hakuwa tayari kupata sifuri kwa sababu ya kitu kinachosikia. Alipokuwa anatoka alipita kando ya kichanja cha vyombo. Sahani zilikuwa zimefunikwa kifudifudi juani, na alijua kwamba katika mji ule kila mtu alikuwa na yake, hata Clever, kitinda mimba wa miaka mitatu, ambaye alikuwa anagoma kula kabisa ukimpakulia kwenye sahani ya mwenzake. Akazipitishia macho bila kunyoosha kidole. Saba. Akaandika: watu saba, watoto watano, mtu mzima mmoja, mzee mmoja. Jumatatu akapata kumi kwa kumi.

Habari za Nyamburi alikuja kuzipata kwa mama yake, vipande vipande, wakichuma pamba. Pamba inachosha mgongo, na mama yake alikuwa na desturi ya kuzungumza ili asisikie mgongo.

Nyamburi alitoka upande wa Tarime, akaletwa huku, katikati ya Bunda na Butiama, kama mke wa Machage. Hawakupata mtoto. Machage akafa. Ndugu zake wakakaa mkao wa kusubiri mjane arudi kwao ili wagawane shamba. Mjane hakurudi. Alilima pamba yeye na jembe lake, msimu kwa msimu, kila akiuza ananunua mtamba. Mitamba ikazaa. Siku moja akaenda na ng’ombe hadi kwa akina Robi, wakati huo Robi binti wa miaka ishirini, akamwoa.

“Mama, mwanamke anamwoaje mwanamke?”

“Kwa ng’ombe, kama wengine wote. Wakurya wanaitaga nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anaoa binti, alete uhai kwenye nyumba. Binti anazaa na mwanaume anayempenda mwenyewe, watoto ni wa nyumba. Wanaitwa kwa jina la mzee aliyekufa.”

“Na yule mwanaume aliyezaa naye?”

“Anakunywa chai, anaaga.”

Kwa hiyo watoto wote watano shuleni waliandikishwa kwa jina la Machage, na Machage alikuwa ameshalala kaburini miaka minane kabla Ghati hajazaliwa. Dorkas alilipigia hilo hesabu kwa vidole mara mbili, likagoma. Akaliacha.

Mwaka uleule wa daftari, mvua za vuli zilipoanza, Robi akaanza biashara ya dagaa. Alikuwa anaenda Kisorya, ziwani, Jumatatu, anarudi Jumamosi. Baadaye Jumamosi moja akairuka. Kisha mbili. Ikaja kusikika kwamba kuna mwenye mtumbwi wa injini anataka kufunga naye ndoa ya kanisani, yenye cheti, na Robi amekubali.

Dorkas naye akasikia. Kitu cha kwanza alichoona kichwani zilikuwa zile sahani, zimefunikwa, saba. Hakumwambia mtu. Akaanza kuzunguka njia ya kisimani ili asipite kwa Nyamburi, na alipokutana naye dukani aliangalia chini.

Nyamburi hakulia. Watu walimwendea kwa zamu na nyuso za msiba, wakamkuta anapalilia.

“Robi harudi?”

“Hajarudi.”

Alijibu kama aliyeulizwa kama mvua imefika Musoma mjini. Asubuhi aliwaamsha watoto, akawapa uji, akawapeleka wanne shule, akaenda shambani na Clever. Jioni ugali. Miaka yake hakuna aliyeijua, mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa nzige, ila kwa kadi ya mpiga kura alikuwa na sabini na mmoja. Kama alichoka, mwili wake haukupeleka habari usoni.

Ikapita hivyo mwaka na zaidi. Dorkas akaingia kidato cha kwanza. Siku moja ya mwezi wa tano, mama yake alikuwa anakata njia kupitia shamba la Nyamburi, akaona kitambaa chekundu katikati ya pamba. Akasogea. Nyamburi alikuwa amelala kifudifudi. Clever amekaa pembeni yake na kitawi cha mpamba mkononi.

“Bibi analala,” Clever alisema. “Nimemfukuzia nzi.”

“Tangu saa ngapi?”

Mtoto hakujua saa. Jua lilikuwa limeshaelekea ziwani na midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Mama Dorkas alimmwagia Nyamburi maji, akamtikisa mpaka akafumbua macho. Neno lake la kwanza aliuliza kama mbuzi amefungwa.

Wiki tatu hazijaisha, akaja Boniphace, kaka yake Robi, na vijana wawili na ng’ombe.

Kijiji kizima kilijua maana yake. Kwa desturi, mke wa namna hiyo akiondoka, ng’ombe wa mahari wasiporudishwa, watoto ni wa nyumba, hata mama yao awe wapi. Ng’ombe wakirudi na kupokelewa, watoto wanamfuata mama. Na mwenye kupokea au kukataa ni mmoja tu. Watu walikuja kuona Nyamburi anavyokataa. Wengine walikuja na vigoda vyao kabisa. Dorkas alikuja na sare ya shule, akasimama nyuma ya mama yake.

Boniphace aliwapanga ng’ombe mbele ya zizi. Alikuwa mtu mpole, mwenye jasho jingi, na mpole akiwa na wasiwasi huzungumza mno.

“Mama, hatujaja kwa ugomvi. Mama, ukikataa tunarudi nao, wala hatununi. Ila Robi analia usiku na mchana, mume amejenga, kuna shule karibu, kuna kanisa, kuna—”

“Mura,” Nyamburi alimkatiza, kama Wakurya wanavyomwita kijana.

“Naam, Mama.”

“Unaongea sana. Ng’ombe wamekunywa maji?”

Watu wakacheka. Boniphace naye akacheka, akajifuta uso. Kisha akaanza kuwagusa ng’ombe kwa fimbo mmoja mmoja, anahesabu kwa sauti ili wote wasikie: moja, mbili, tatu. Dorkas akamgeukia Nyamburi haraka. Alimngoja asogee, aikamate ile fimbo, aikunje kama alivyokikunja kidole. Nyamburi alisimama palepale, mikono nyuma. Boniphace akafika mwisho, akaishusha fimbo.

“Wafungieni zizini,” Nyamburi alisema.

Ilichukua muda watu kuelewa kwamba hilo ndilo jibu. Mzee mmoja akauliza, “Unawapokea?” Nyamburi alikuwa ameshaingia ndani kufunga nguo za watoto.

Ghati ndiye aliyeleta shida. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na aling’ang’ania nguzo ya jiko.

“Mimi nabaki. Nitachota maji. Bibi, mimi si naweza kuchota maji?”

“Nenda ukasome.”

“Utakula na nani?”

“Kwa mdomo,” Nyamburi akasema. Akamtoa vidole kwenye nguzo kimoja baada ya kingine. Alipoona mmoja wa wadogo amekumbatia sahani yake, akainyakua. “Sahani acheni. Kwa mama yenu ziko.”

Wakaondoka. Clever alibebwa mgongoni na Boniphace, anawapungia watu wote, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni safari ya namna gani. Wenye vigoda wakavibeba. Dorkas alitaka kusikia kitu fulani kifuani na hakusikia chochote. Alisikia soksi moja inamshuka, akaivuta.

Usiku huo mama yake alikuwa na neno moja tu. “Nilimuuliza kwa nini. Akasema, siku ile ningekuwa nimekufa, yule mtoto angefukuza nzi mpaka kesho.”

Ng’ombe walipelekwa Bunda kwa Clementi, mpwa wa marehemu Machage, maana pale hapakuwa tena na wa kuwachunga. Krismasi, Ghati alipiga kupitia simu ya mama Dorkas. Nyamburi aliishika mbali na sikio, akapaza sauti: “Mmekula? Haya.” Akairudisha. Krismasi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Alilima kipande kidogo zaidi, akaanika udaga kidogo zaidi. Ukimsalimia aliitikia vizuri. Hakuonyesha chochote cha kuhurumiwa, na watu wakaacha kwenda.

Mwaka huu Dorkas yuko kidato cha nne. Somo la Jiografia, mada ya idadi ya watu. Darasa lao lina wanafunzi mia moja na kumi na wawili, madawati ya watatu wanakaa watano, na Mwalimu Eliud alianza hivi: “Mnaotaka kujua ongezeko la watu ni nini, geukeni nyuma.” Wakageuka. Walioko nyuma wakasimama wakapunga mikono.

Akachora piramidi ubaoni, chini pana, juu nyembamba kama sindano. Hawa wa chini, akasema, chini ya miaka kumi na mitano, na hawa wa juu, zaidi ya sitini na nne, wanaitwa tegemezi. Wa katikati ndio wanaowabeba. Dorkas aliinakili piramidi kwa rula. Akafikiria mji ambao kwa mwaka na zaidi ulikuwa na watano wa chini, mmoja wa juu kabisa, na katikati hamna kitu. Na aliyebeba ni yule wa juu. Akanyoosha mkono.

“Mwalimu, tegemezi akiwa peke yake kwenye kaya, anamtegemea nani?”

“Watoto wake. Au serikali.”

“Kama hawapo?”

“Huyo hatoki kwenye mtihani, Dorkas. Kaa.”

Darasa likacheka, naye akacheka, akakaa. Lakini Jumamosi mama yake alipompa kibakuli cha dagaa ampelekee Nyamburi, hakuzunguka njia ya kisimani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alimkuta amekaa kwenye ule mwamba wake, udaga wa kujaza ungo mmoja mbele yake. Na kichanjani, sahani zimefunikwa, zinachuruzika maji. Zote. Dorkas alizipitishia macho kabla hajajizuia.

“Bibi, una wageni?”

“Wageni gani?”

“Sahani zimeoshwa.”

“Zinashika vumbi,” Nyamburi alisema.

Dorkas akaweka kibakuli chini. Miaka mitano alikuwa amelibeba lile neno, na sasa lilitoka bila kumtetemesha, kama anasoma notisi.

“Bibi, mimi niliwahesabu. Ile siku uliyonikataza. Nilihesabu sahani, nikaandika saba. Halafu Robi akaondoka.”

Nyamburi aligeuza vipande viwili vya udaga.

“Nilikuona,” alisema. “Macho yako yalikuwa yanatembea kama kuku. Nikasema, acha ahesabu, sahani siyo watu.”

“Kwa hiyo siyo mimi?”

“Robi alikuwa na miguu yake. Watoto niliwatoa mimi.” Akapangusa mikono kwenye kanga. “Nilikuambia utaniuliza siku nyingine. Hukuuliza.”

“Niliogopa.”

“Uliza.”

Dorkas hakuwa na daftari. Aliangalia mlango uliofungwa kwa kamba, nguzo ya jiko, zizi tupu lililoota majani.

“Bibi, kwenye mji huu mko watu wangapi?”

“Mmoja,” alisema Nyamburi. “Andika. Mmoja hana mwiko.”