Kovu la Pacha

Usiku kucha fundi cherehani hakupata hata lepe la usingizi. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto akisubiri mtu amwambie kama homa ya binti yake imeshuka. Kila aliyetoka alimwambia, "Subiri kidogo, mama," akapita zake.

Kulipopambazuka, muuguzi alichungulia. Homa bado iko juu, alisema. Majibu ya maabara yametoka, na sasa wanaandaa sindano ya penisilini.

"Jana nilisema pale mapokezi. Penisilini inamvimbisha koo mwanangu. Nusura imuue."

"Mama, taarifa zake tumeletewa na zahanati yenu. Hazioneshi kwamba kuna dawa inayomdhuru."

"Taarifa za nani? Nina mapacha mimi."

Muuguzi akashusha pumzi. "Jina lake limeandikwa herufi ya kwanza tu, nayo ni ileile; tarehe ya kuzaliwa ndiyo hiyo, jina la baba ndilo hilo, simu ni yako. Kompyuta imempata."

"Simu ni yangu kwa kuwa wao hawana. Na walizaliwa siku moja. Ulitaka mmoja angoje wiki?"

Mzee aliyekaa pembeni akacheka kidogo. Muuguzi hakucheka. "Daktari anafuata kilichoandikwa," alisema, akafunga mlango.

Mama alipandwa na hasira. Miaka kumi na moja amewalea wale wasichana, hata kikohozi chao anakitofautisha akiwa jikoni, halafu leo anaambiwa hamjui aliye kitandani. Akagonga. Akagonga tena kwa kiganja, mpaka mlango ukafunguka upenyo.

"Mama, utaamsha wagonjwa."

"Swali moja tu. Hicho kilichoandikwa, kinasema alipasuliwa kidole tumbo?"

Muuguzi akatazama karatasi. "Ndiyo. Mwaka juzi."

"Aliyepasuliwa yuko kwa shangazi yake, anakunywa chai. Mfunue huyo tumbo. Ukikuta kovu, mchome sindano yako, sitafungua mdomo tena."

Mlango ukarudi. Ndani magurudumu ya kitoroli yalilia, yakanyamaza. Mzee hakucheka tena. Alimsogelea mama, akakaa naye akiutazama mlango.

Ukafunguka wote.

"Hana kovu," muuguzi alisema kwa sauti ya chini. "Hatujamchoma. Daktari anabadilisha dawa. Ingia, mama. Nitajie namba ya simu tumfungulie faili lake."

"Ni ileile," mama alisema, akampita.