Kibao cha Viazi vya Mke

Niliacha shule darasa la sita, lakini Kiingereza hakijaacha kuniwasha. Juzi huko Molo, Baba Njeri aliniomba nimwandikie mkewe kibao cha duka: MY WIFE'S POTATOES. Mama Njeri alikuwa amemnunia, akishuku ana mwanamke kule Karagita, ambako mumewe hufanya kazi kwenye mashamba ya maua. Kibao kilikuwa cha kuomba amani.

Nilikuwa nimesoma kwenye kitabu kilichochanika kwamba kwa wingi, kile kialama kinachoning'inia juu katika neno ng'ombe huja nyuma ya s. Nikawaza Kiswahili: kiazi cha mke, viazi vya mke. Nikatazama magunia yamefika dari. Hivi ni vingi, nikasema. Basi wife nikaigeuza wives, kama knife na knives, na kialama nikakipeleka mwisho.

"Kumbe umesoma hivyo, boss," Baba Njeri akanisifu.

Mama Njeri, aliyewahi kufundisha nasari, alikisoma kibao polepole nikiwa bado juu ya ngazi.

"Viazi vya wake zangu," akatafsiri. Kisha akamgeukia mumewe. "Haya, Baba Njeri. Huyo mwenzangu wa Karagita anakuja lini tugawane?"