Picha za Roma mu nyumba ya yaya Berthe

Yaya yangu Berthe, mukubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa mutu wa kunyamaza. Alifua na kupiga pasi nguo za altare ya parokia yetu hapa Mususa, mu Butembo, kwa miaka makumi mbili na zaidi, na hakuna mutu alimusikia hata siku moja akigombana. Kitu kimoja tu ndicho batu balimucheka: alikusanya picha za nyumba za zamani za Roma.

Ilianzia Lubero, wakati alikuwa angali musichana anapiga pasi kwa mapadiri. Mu chumba cha kulia kulikuwa picha ya daraja kubwa la mawe, limebeba maji juu ya bonde. Padiri muzee mumoja, wakati wa kurudi kwao, alimupatia ile picha. Kisha hapo Berthe hakupumzika. Kama alisikia muzungu wa mashamba aliacha nyumba, ao mwalimu anahama, alifika na kikapo cha viazi ao cha haragi, akaomba picha. Hivi akafikisha tisa: uwanja wa duara wenye milango mingi, hekalu lenye nguzo nene, na zingine. Karatasi zilikuwa manjano, mistari ya wino midogo midogo kama nywele. Kila siku ya posho, ile inatangulia siku ya Mungu, alizipangusa moja moja.

“Gode,” aliniambia, “Petro mutakatifu alipita pale na miguu yake. Mimi Roma sitafika. Basi Roma imefika kwangu.”

Jirani yake Jokébed alimutania: “Mama Malachie, siye tunatafuta bati ya kufunika nyumba, weye unatafuta nyumba zenye zilisha kuanguka.”

“Angalia basi,” Berthe anajibu, “hizi zangu mvua haiingie.”

Kadre zote, mbao za kuzunguka picha, zilitengenezwa na Syauswa, menizie, fundi wa mbao wa karibu. Vitre, kioo cha mbele, ya kipimo ilikuwa ngumu kupata, donc alitumia vitre za madirisha ya zamani. Kama picha ilipita vitre kwa urefu, alikunja karatasi ku chini, akapigilia karton nyuma na misumari midogo, kisha akabandika karatasi ya kaki na uji wa muhogo. Majina ya zile nyumba, yenye yaliandikwa chini, mengi yalipotelea mu mukunjo. Berthe hakujali, aliyajua kwa kichwa.

Picha ya tisa haikuonyesha nyumba yenye kusimama. Ilikuwa plan, muchoro wa nyumba kama inaonwa toka juu: kuta nyeusi, vyumba vingi, na herufi A, B, C ndani yake. Ilikuwa bafu ya mufalme mumoja wa Roma.

Mu mwaka wa 2000, rébellion, basoda ba kuasi serikali, ilikuwa imekamata Butembo na Beni. Malachie, mutoto mumoja tu wa Berthe, alikuwa amekimbilia mu pori kwa Bamai-mai, vijana ba kupigana na ile rébellion. Kisha miezi ine barua ikafika, kipande cha karatasi ya kayé: Mama, niko muzima, niko na bandugu mu pori ya Lubero, uniombee. Aliandika na jina lake.

Mu wakati ule, kama nyumba ilijulikana kwamba mutoto wao ni Mai-mai, basoda ba rébellion balichoma nyumba na batu ndani. Nilimulomba yaya achome barua mbele ichome siye. Alinijibu polepole kwamba hataweza kuchoma maandiko ya mutoto wake na mukono wake. Akafungua kadre ya ile plan, akaweka barua kati ya picha na karton. Mimi nilimushikia uji wa kubandika, lakini macho yangu yalikuwa ku mulango, uji mwingine ukamwagika ndani, juu ya karton. Hakunigombeza. Tangu siku ile sikuweza tena kuangalia ule ukuta wa picha.

Kisha Pasaka, asubuhi moja, masasi yalilia upande wa Kimemi. Ku saa sita basoda balikuwa banaingia nyumba kwa nyumba. Mimi na Berthe tulikuwa tunachambua haragi. Baliingia batatu, bakapindua kitanda, bakafungua masanduku. Mumoja akasimama mbele ya plan, akahesabu vyumba na kidole, akauliza ni camp gani. Berthe akamujibu kwamba ni bafu.

“Bafu ya vyumba makumi tano? Mama, unatuona batoto?”

Akasema ni plan ya kiwanja cha ndege cha Beni, na zile herufi ni fasi ya bunduki. Bakatupeleka siye babili ku bureau ya komanda. Musoda alibeba kadre ku bega. Nilitembea nyuma yake, macho yangu ku ile karatasi ya kaki. Pembe yake moja ilikuwa imebanduka.

Komanda Ilunga alikuwa mutu wa Kasai, na rozari ilikuwa juu ya meza yake. Aliuliza bila kupaza sauti jina la ile nyumba. Berthe akasema ni bafu ya Karakala, ku Roma.

“Jina limeandikwa wapi?”

Jina lilikuwa mu mukunjo, na kwa kufikia mukunjo ilipaswa kufungua nyuma. Musoda alikuwa amekwisha kutosha kisu mu mufuko.

“Komanda,” Berthe akasema, “acha nifungue mwenyewe. Vitre ni ya zamani, itamukata mutoto wako.”

Bakamupatia kisu. Akaikaa chini, akaanza kutosha misumari mu karton, mumoja mumoja. Mimi nilikuwa nasema Salamu Maria mu roho, lakini kila mara nilipofika ku saa ya kufa kwetu nilikwama, narudilia pale pale.

Akainua karton. Barua ikaifuata: ule uji wangu wa kumwagika ulikuwa umeikamata nguvu. Akaweka karton juu ya magoti, maandiko chini, kisha akakunjua picha. Komanda akasoma kwa kidole: Thermes de Caracalla, Rome. Akamugeukia musoda wake.

“Umekamata bafu.”

Bakacheka bote. Akasema picha itabaki kwake, kisha akanyoosha mukono achukue na karton, picha isikunjike.

“Picha ni yako, baba,” Berthe akasema. “Karton, nakulomba uniachie.”

“Ya kufanya nini?”

“Ya kukumbukia.”

Alimuangalia sana. Akaniangalia na mimi, nikainamisha kichwa. Kisha akasema, “Mama, uende nayo.” Mpaka leo sijue kama alielewa.

Berthe akarudisha kadre ku musumari wake: vitre na karton tu, barua imegeukia ukuta. Vita ilipopungua, batoto ba bengine balirudi. Malachie hakurudi, wala barua ingine haikufika. Basi siku moja ya posho, kisha kupangusa zile nane, Berthe akafungua ya tisa na kugeuza karton, barua ikaangalia batu.

Jokébed alipoingia akaisoma, hakutania. Yaya alikufa kifo cha kitandani, na sasa kadre zote tisa ziko kwangu. Nikipita mbele ya ile ya barua, kwanza naangalia ku mulango.