Kitenge cha Wawili

Likizo kubwa ikianza, mimi hulala kidogo na kucheka sana. Kuanzia Julai Bunia nzima inataka picha: waliomaliza masomo, wachumba, washonaji wenye mitindo mipya. Naamka kabla pikipiki hazijaanza kulia, nafuta lenzi kwa fulana kuukuu, natazama mawingu na kuyatukana kwa heshima, maana Julai yetu ni ya mvua. Kisha nafunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, nabeba kipande cheupe cha frigolite, lile povu gumu jepesi la kwenye katoni ya televisheni, kile ninachorudishia mwanga usoni mwa watu, na kuondoka nikitafuna mandazi. Sijaona kazi tamu kama hii.

Likizo moja, mama mmoja mshonaji aliyehamia kwetu kutoka Butembo alitaka picha za kubandika dukani: gauni na shati vya kitenge kimoja, nguo za wachumba. Wa kuvaa gauni alikuwa msichana niliyempiga picha likizo zote, mwenye saluni ya nywele mtaa wa Bigo. Niseme wazi, nilimpenda. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, aliponijibu kwamba nisimwambie acheke, nifanye kitu cha kuchekesha. Tangu hapo nilimwambia ageuke kushoto, ainue kidevu, asogee kwenye kivuli. Lile neno lenyewe halikutoka.

Asubuhi hiyo tulikutana kwenye mikaratusi kando ya barabara, nje kidogo ya mji. Mwanamume wa kuvaa shati, motari, mbeba abiria kwa pikipiki, mwenye mabega mapana, akapiga simu: alipeleka mteja Kpandroma, mvua imeharibu barabara, harudi leo. Mshonaji akanitazama kichwani hadi miguuni.

"Weye iko na mabega?"

"Kidogo, mama."

"Itatosha. Vaa."

Niliogelea ndani ya lile shati. Alilibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, akanikataza kugeuka. Nikasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikawa nabonyeza, nakimbia, nasimama kando ya msichana kabla haijapiga. Kila mara nilifika nikihema, na kila mara alicheka hadi akanishika mkono asianguke. Picha zilikuwa zimetosha zamani. Niliomba nyingine, na nyingine tena.

Sasa, kwetu mwanamke na mwanamume wakionekana katika kitenge kimoja, hakuna anayeuliza. Watu wanajua wazee wa pande mbili wameshakaa na kukubaliana mahari. Kina mama waliotoka kwenye maombi ya asubuhi wakatuona, wakapiga vigelegele. Motari waliokuwa wakipita wakapiga honi. "Ndoa iko lini?" mama mmoja akauliza, simu ameshaiinua kutupiga picha. Badala ya kueleza, sisi wajinga wawili tulipunga mikono kama watu wa kwenye gari la harusi. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Kabla sijakunja miguu ya kamera, simu ya msichana ikalia. Ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea. Picha ya yule mama ilikuwa imeshamfikia kwenye WhatsApp.

"Mukuje. Bote mbili. Na hizo nguo."

Njiani msichana alitangulia, ameinua pindo la gauni lisiguse matope. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari: ni kazi tu, shangazi. Yalikuwa ya kweli na yangetuokoa. Lakini ukishayasema mbele ya mzazi, huwezi kurudi kesho na maneno mengine.

Tulimkuta uani akichambua maharage. Nikainama kumsalimu, kibanio kimoja kikachomoka mgongoni na kutua katika ungo wake. Akakiokota, akakiweka pembeni taratibu, kana kwamba wageni wote huja na vibanio.

"Fotografe. Unavaa kitenge moja na mutoto yetu, barabarani, batu bote banaona. Siye, wazee yako hatuyabaona hata siku moja. Sema. Ile ni nini?"

"Shangazi, ile ni..."

Nilimtazama msichana. Alikuwa ameinamisha macho, anavuta uzi kwenye mkono wa gauni, na uso wake nilioupiga picha mara nyingi hivyo haukuniambia chochote.

"Wazee wangu watakuja," nikasema.

Nilisikia sauti, nikaitambua kuwa yangu. Mkono wa shangazi ukasimama juu ya maharage. Akavuta pumzi ya kunijibu, lakini msichana alimtangulia, bila kuinua macho:

"Siku gani?"