Mapigo Ambayo Kaka Hakuyasikia

Waingereza wakitaka kukuambia ndugu yako ni mwongo, wanamsifu. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa. Kila nikienda mazoezini watu wa kikosi chetu walikuwa wananijia na vikombe vyao vya chai, wananiambia kaka yako imara kweli, kaka yako ana kichwa kigumu ajabu, na mimi mjinga nasema asante. Narudi nyumbani Walthamstow nimevimba kwa fahari. Fahari! Ingekuwa kwetu, mtu angenivuta pembeni aniambie, wewe, kaka yako anatuharibia mchezo, mkanye. Ningekasirika, tungegombana, yangeisha. Hawa wananichekea tu, na nyuma ya mgongo wangu wanatikisa vichwa.

Nieleze mchezo wenyewe. Sisi ni watu wazima, tuna kazi zetu, wengine wana wajukuu, na kila Alhamisi jioni tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, tunavaa chuma kama askari wa wafalme wa zamani wa Ulaya, tunachapana kwa fimbo za henzirani nene kama mpini wa jembe. Ukitaka kucheka, cheka. Mama yangu alicheka kwenye simu mpaka akashindwa kuniaga. Lakini mchezo huu hauna refa wa kusema nani kapigwa. Aliyepigwa ndiye anayesema. Fimbo ikikufika sawasawa kichwani, wewe mwenyewe unasema umekufa, unalala chini, unabaki hapo mpaka pambano liishe. Aliyekupiga haruhusiwi kukudai. Ukisema hukusikia, basi hana la kufanya ila aendelee kupiga. Kwa hiyo mtu anayekataa pigo, kwetu sisi, afadhali mwizi.

Na kaka yangu alikuwa hafi.

Mzee wa kanisa, mtu anayeongoza sala kila Jumapili kule Peckham anakokaa, anapigwa kichwani ukumbi mzima unageuka, na yeye anasonga mbele tu kama hajaguswa na inzi. Mimi ndiye niliyempeleka. Anaendesha basi, anakaa kitini kutwa, daktari alikuwa amemtisha kuhusu sukari. Nikamwambia, kaka, njoo kwangu, utatoka jasho na utacheka. Mimi mwenyewe nimeokolewa na mchezo huo. Kazi yangu ni kupokea simu hospitalini, za wagonjwa ambao miadi yao imeahirishwa. Kutwa natukanwa, kutwa nasema samahani. Ikifika Alhamisi nataka kupiga kitu.

Vifaa vyake nilimtengenezea mwenyewe, kwenye banda langu nyuma ya nyumba. Chapeo ya kichwani na dirii ya kifuani: maneno tuliyokuwa tunayasikia kanisani tu tangu utoto, hapa nayagonga kwa nyundo. Nakata bamba la chuma kwa mkasi wa bati, naliweka juu ya gogo lenye shimo, nalipiga taratibu mpaka libonyee kama bakuli, halafu naunganisha vipande kwa ribiti. Jirani yangu amezoea, siku hizi anafunga dirisha bila kunung'unika. Chapeo ya kaka niliifanya pana kidogo, maana vichwa vya ukoo wetu si haba. Ndani nikaweka sponji ngumu, nyembamba. Hapo ndipo ufundi ulipo. Ikiwa nyembamba mno, mtu anaumia. Ikizidi unene, hasikii kitu, na asiyesikia hawezi kucheza mchezo wetu kwa haki.

Aliyenifungua macho ni kapteni wa kikosi, mwanamke mrefu, mwalimu wa shule. Alinisubiri nje ya ukumbi, akazunguka na hali ya hewa, akazunguka na matengenezo ya reli, mwisho akatema. Watu wamechoka na kaka yako. Jumamosi tuna pambano la wazi uwanjani. Akikataa tena pigo linaloonekana, tutamwomba asirudi.

Nilihisi masikio yanawaka. Nilimkasirikia yeye kwa kunieleza kwa upole kana kwamba nina msiba, nikawakasirikia wenzake kwa zile sifa zao za uongo, na zaidi ya wote nikamkasirikia kaka, maana lisemwalo lipo. Kwenye kile kikosi weusi tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Akiondoka kwa jina la mwongo, mimi nitabaki na uso gani?

Nikamkuta kituo cha basi, mfuko wa vifaa miguuni.

"Kaka, kwa nini unakataa mapigo?"

"Mapigo gani?"

"Usinitanie! Fimbo inalia kama debe, mtaa mzima unasikia."

"Kulia naisikia, mdogo wangu. Mlisema nikisikia pigo zito nilale. Sijasikia zito. Nilale kwa lipi?"

"Mtu mzima hovyo!"

Nikamwambia hivyo, kaka yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni kunipeleka zahanati, mbele ya watu wanaosubiri basi. Hakupandisha sauti. Alifungua mfuko, akatoa chapeo, akanipa. "Chunga mdomo wako. Na hii uiangalie, ribiti moja imelegea." Basi likaja, akapanda, hakuniaga.

Kesho yake nikaipeleka bandani. Ili kufikia ribiti lazima utoe sponji, nikaingiza vidole ndani, nikakuta kitambaa. Kitambaa gani tena? Mimi sikuweka kitambaa. Nikavuta. Loh! Ilitoka khanga, ndani ya khanga blanketi limekunjwa, ndani ya blanketi vipande vya godoro, vyote vimeshonwa kwa mkono, mshono wa karibu karibu, mzuri kuliko wa cherehani. Sponji yangu haikuwepo. Ungeweza kulalia kitu kile. Ukiwa umekivaa kichwani hata lori likikugonga utauliza nani anabisha hodi.

Na khanga nilikuwa naijua. Ya wifi yangu, mke wa kaka.

Nikazunguka banda lile nikiongea peke yangu. Amefumua kazi yangu! Kazi niliyoipima kwa vidole, nikaijaribu kwenye kichwa changu mwenyewe, yeye kaifumua kama mfuko wa mto, na wala hakufungua mdomo kunieleza. Mawifi! Kaka anaitwa mwongo na Wazungu, mimi namtukana kituoni, na mwenye sindano yake kanyamaza kimya anapika ugali. Nikatia kila kitu kwenye mfuko wa sokoni, nikapanda treni. Njia nzima hadi Peckham nilikuwa napanga maneno, na kila kituo nikipata kali zaidi.

Alikuwa jikoni anasukuma chapati. Siku hiyo hakuwa na zamu kwa wazee anaowahudumia. Na kwa kuwa hata hasira ina adabu zake, tulisalimiana kwanza. Za nyumbani? Nzuri. Za kazi? Tunamshukuru Mungu. Ndipo nikamwaga godoro lake mezani, katikati ya unga.

"Wifi, hiki ni nini?"

Akakiangalia. Akaendelea kusukuma.

"Nakuuliza!"

"Si unaona? Nimemwekea mume wangu kitu laini."

"Kitu laini? Unajua wanamwitaje kule? Mwongo! Mume wako, mzee wa kanisa! Jumamosi wanamfukuza. Jina lake limechafuka kwa ajili ya hili tambara!"

"Jina likichafuka linafulika," alisema. "Kichwa je?"

Nikamwambia ni mchezo, ni fimbo, si panga, miaka yote hii mimi sijavunjika hata ukucha. Nikamwambia kama anaogopa angekuja kuniuliza, mimi ndiye niliyetengeneza, najua kinachotosha na kisichotosha. Nilipaza sauti, najua nilipaza, maana mtoto wao wa kike aliteremka ngazi, akatuangalia, akasema kwa Kiingereza chake tafadhali msigombane, akapanda tena.

Wifi akaweka kijiti cha kusukumia chini. Akafuta mikono.

"Mume wangu wa kwanza alianguka kwenye jengo Dar es Salaam," alisema. "Ghorofa la tatu. Hakuwa na kofia, kofia walikuwa nazo wakubwa. Nilipofika walikuwa wamemfunika kichwa, wakanikataza kufunua. Nikafunua. Wewe unanifundisha mimi kinachotosha?"

Habari ya kifo hicho niliijua, lakini kwa jumla tu, kama tunavyojua mambo ya watu walioolewa nyumbani kwetu: alikuwa mjane, kaka akamuoa, basi. La kichwa hakuwahi kunieleza. Ungetegemea niseme kwamba hasira ilinitoka hapo. Haikutoka. Ilizidi, kwa sababu sasa sikuwa na mahali pa kuipeleka. Nani anaweza kumgombeza mtu aliyeyasema hayo? Nilisimama pale nakunja na kukunjua khanga ile.

Kaka akaingia kutoka kazini, bado na sare. Akaona godoro mezani, akaona nyuso zetu, na kwa kuwa si mpumbavu akaelewa yote akiwa amesimama mlangoni.

"Kumbe," alisema. "Mimi nikadhani ndivyo mdogo wangu alivyoitengeneza."

Hakumgombeza mke wake. Alikaa, akaomba chai, akainywa. Halafu akaniambia bila kunitazama: "Rudisha kama ilivyokuwa. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa kosa langu."

"Na mimi nitakuja kuangalia," alisema wifi, akirudi kwenye chapati zake. Tulikuwa hatujawahi kumwona uwanjani hata siku moja.

Jumamosi akaja. Alivaa koti lake la kanisani, akasimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine, wake wa watu, watu waliowatoa mbwa wao matembezini. Nilimfunga kaka vifaa vyake, mkanda kwa mkanda, nikahakikisha kila kimoja kimekaza. Chapeo nilikuwa nimeiwekea sponji mpya, kwa kipimo changu. Hatukuongea sana. Nilimwambia tu, "Leo utasikia." Akasema, "Haya."

Wakampangia jamaa mmoja mpana kama kabati, nadhani kwa makusudi. Kikosi kizima kilikuwa kimeacha shughuli zake kutazama. Kapteni alisimama karibu nami, mikono kifuani. Kaka na jamaa walizungukana, wakagusana ngao, kaka akajaribu pigo la mguu likapita hewani, na jamaa akashusha fimbo juu ya chapeo. Ilikuwa safi, katikati kabisa.

Kaka akafa. Na hakufa kidogo! Mwingine hupiga magoti kwanza, akajilaza polepole asiumize mgongo. Yeye, kwa jinsi alivyoitwa mwongo, alitaka hata mbwa wale washuhudie. Alinyoosha mikono, akaachia fimbo, akaanguka chali mzimamzima, chuma chote kikalia, akabaki hapo hatikisiki.

Uwanja ukalipuka. Watu walipiga ngao zao kwa fimbo, wakashangilia, wakaita jina lake. Kapteni alinishika bega akasema huyu ni mtu wa haki, na safari hii alimaanisha. Na mimi nililia, sioni aibu kusema. Nilipiga makofi nikilia, nikapiga kelele, "Ndiye huyo! Ndiye kaka yangu huyo!" Nilitaka kila aliyenichekea na kikombe cha chai anisikie.

Kwa hiyo sikumsikia wifi. Niliona tu koti la kanisani linapita chini ya kamba.

Alikimbia kama sijawahi kumwona akikimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Mtu akapiga kelele ya kusimamisha kila kitu, fimbo zote zikashuka. Alikuwa tayari amepiga magoti, anavuta ule mkanda wa kidevuni, na vidole havimtii. Alikuwa hapigi yowe. Alikuwa anasema "funua, funua, funua", kwa sauti ndogo, kwa haraka. Kaka kutoka ndani ya chuma anamwambia, mama, niko mzima, ni mchezo, mama, nisikilize. Hakusikiliza. Nikafika, nikaufungua mkanda mimi, nikaitoa chapeo.

Kaka alikuwa anacheka, uso umejaa jasho. Alipomwona mke wake akaacha. Wifi alikishika kichwa chake kwa mikono yote miwili, akakipapasa kisogoni, juu, pembeni, akaingiza vidole kwenye nywele, akaviangalia vidole, akapapasa tena. Wale wa mbali, ambao hawakuelewa, walikuwa bado wanapiga makofi.

Kisha akaniangalia mimi.

"Umefurahi, wifi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nayo majibu mengi, nayo yalikuwa ya kweli: kwamba kaka hakuumia, kwamba jina lake limesafika mbele ya wote, kwamba ni wifi mwenyewe aliyeanzisha haya na sindano yake. Nikamgeukia kaka, nikijua leo atanitetea, kwa kuwa leo ndiyo siku yake.

Alikuwa ameshaketi kwenye nyasi, mkono mmoja mgongoni kwa mkewe. Kapteni alikuja na tabasamu kumpa mkono, naye akaupokea kwa heshima, akashukuru. Halafu akaninyooshea mguu.

"Nivue, mdogo wangu," alisema. "Vyote. Havivaliwi tena."

"Kaka, lakini wamekukubali!"

"Nimesikia."

Nikapiga magoti. Nikaanza na mikanda ya miguuni, na kwa jinsi nilivyokuwa na hasira, wa kwanza ulinishinda kufungua.