Chumvi Juu ya Theluji

Bado nina hasira, na sitaki iishe. Sisi watu wa kukaa nyumbani hatupati hasira nyingi. Mimi hata kutoka Kyebando kushuka Nakivubo kununua nyanya, naaga nyumba nzima kama nasafiri. Sasa fikiria mtu kama huyo kupewa kazi ya kutengeneza theluji Kampala.

Nilikuwa nauza juisi ya kugandisha dirishani kwangu. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka Ulaya akakodi kiwanja, akajenga mteremko wa mbao na kuuita theluji ya Krismasi. Theluji yenyewe ilikuwa barafu iliyosagwa kutoka kiwanda cha samaki, na harufu ya sangara ilikuja nayo. Alitaka mtu anayejua barafu. Nikaonekana mtaalamu.

Kila alfajiri nilivunja mabonge, nikasambaza kwa reki, nikabingirisha pipa la maji juu yake mpaka ikakaza, kisha nikaichana mistari iliyonyooka toka juu hadi chini. Bosi, aliyeniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda, alinionyesha kwenye simu mashine za huko Ulaya, zenye minyororo kama vifaru, zikilainisha mlima mzima hivyohivyo.

"Unaona, nyabo? Wewe ndiyo mashine yangu."

Nikajivuna, mjinga mimi.

Habari ikamfikia jirani yangu, bibi Mkongomani wa upande wa Beni, ambaye wote mtaani tulimwita Koko. Shambani kwao alikuwa akiiona theluji ya Ruwenzori kwa mbali, siku mawingu yakifunguka. Marehemu mumewe aliwabebea Wazungu mizigo mpaka huko juu, na tangu hapo akawa anamringia: wewe mwanamke, utaikanyaga lini?

"Mama, miye nataka kukanyaga tu," aliniambia. "Mara moja. Nisimukute kule mbinguni aanze tena."

Nikamwombea kwa bosi. Jumamosi, saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali. Bosi akasema sawa.

Jumamosi hiyo saa kumi na mbili alfajiri bosi akaja na gunia la chumvi.

"Ulaya wanamwaga chumvi, theluji nakuwa ngumu. Mwaga."

"Bosi, Ulaya kuna baridi. Mimi nimetengeneza askrimu kwa ndoo. Chumvi inayeyusha barafu."

"Ulisoma hiyo wapi?"

"Jikoni."

Alicheka yeye, akacheka na askari wa getini. "Nyabo wa form four nafundisha mimi theluji! Kwenu Kisumu inanyesha?"

Na mimi niliyekuwa najua, nikamwaga. Kicheko chao ningekisahau. Kinachoniunguza ni mkono huu. Tena nilinyunyiza kwa uangalifu, kila pembe ipate, kama ninayelisha kuku.

Kufika saa mbili mteremko ulikuwa uji wa kijivu unaochuruzika katikati ya mbao. Waliokuja na watoto wakaanza kuzomea. Bosi akapanda juu ya kiti, akaninyooshea kidole. "Huyu mama ndiye ameharibu! Hajui kazi!"

Nikasikia sauti inapiga kelele kiwanja kizima, kumbe ni yangu. "Gunia lako! Chumvi yako! Hata ujinga ni wako, mimi nimeuazima asubuhi tu!"

Watu wakacheka. Nikageuka, nikamwona Koko kwenye kamba ya kuzuia watu, amevaa kitenge cha kanisani, viatu mkononi.

"Koko, imeharibika. Nimeiharibu mimi. Turudi nyumbani."

"Iko bado baridi?"

"Baridi iko."

Akavuka kamba, akaingia pale chini ulipokusanyika ule uji, ukamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Mama, tikiti!" askari akaita. Nikasimama mbele yake na reki. Aliniangalia usoni, akakumbuka ana kazi getini.

Koko alikanyaga mguu mmoja, akakanyaga na wa pili. Halafu akatazama juu, kwa marehemu mumewe. "Ni hii? Miaka yote ile unanisumbua juu ya hii?"

Akacheka mpaka akanishika bega asianguke. Njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka na kuwasimulia watu asiowajua.

Mimi sikucheka. Yeye aliridhika na uji wa samaki kwa sababu hakuiona ile ya Ijumaa, kabla ya chumvi. Ile ingembeba juu asizame, ingelia chini ya nyayo zake. Nilijua kuitengeneza, na nilijua kitakachoiua, nikakishika kwa mkono nikakimwaga.