Pengo Kati ya Mke Mwenzangu na Mkwe Wake

Siku picha ilipopigwa nyumbani kwetu Gorong'a tulikuwepo hawa: mimi, mke mkubwa wa marehemu; mke mwenzangu, aliyeletwa nikiwa tayari nina watoto wawili; mwanangu wa kwanza, aliyejenga mjini, Nkende, pamoja na mke wake; binti wa mke mwenzangu, aliyeolewa Machochwe, na kichanga chake; mume wa huyo binti, ndiye mkwe wa mke mwenzangu; wajukuu wakubwa kwa wadogo; na mwalimu wa shule ya msingi, binti wa watu kutoka kusini huko, aliyepanga chumba hapo kwetu. Majina yao yote ninayo kichwani, ya ubatizo, ya ukoo na ya utani. Nayaacha humo humo kwa sababu wanajua kusoma na wana midomo.

Mwalimu ndiye aliyetufundisha kupiga picha. Alianza na mimi, hilo naomba lijulikane. Jioni moja nilimkuta anayapiga picha mahindi yaliyoanikwa, nikamwambia, "Mwalimu, hayo mahindi yanaomba kitambulisho?" Akacheka, akanipa simu niishike. Kesho yake mke mwenzangu akaja na kigoda chake, akakaa katikati yetu bila kuitwa. Hata kwenye boma hili aliingia hivyo hivyo.

Simu yangu ni ya kupangusa kama yake, lakini mwanangu aliniachia alipopata nyingine, na kioo kina ufa. Yake binti yake alimletea mpya, ina macho matatu mgongoni. Mwalimu alitufundisha kuliacha jua nyuma yetu, kugusa uso wa mtu kwenye kioo ili simu imtafute, na kuzuia pumzi wakati wa kubonyeza. Mimi nilizuia pumzi mpaka nikakohoa, na kuku niliyempiga akatoka na vichwa viwili. Mke mwenzangu akampiga kuku huyo huyo, ukaona hata manyoya ya shingoni yalivyolala.

"Bibi mdogo ana jicho," mwalimu akasema.

"Na mimi nina nini?"

"Wewe bibi mkubwa una bidii."

Bidii! Marehemu naye aliwahi kuniambia nina bidii, halafu akaenda kula kwa mwenzangu.

Basi nikaona kama kupiga kumenishinda, nitamshinda kwenye kuhariri, maana huko mkono unaotetemeka unaruhusiwa kurudia. Nilijifunza kukata pembeni, kuongeza mwanga, kufuta kitu kisichotakiwa. Nilifuta ndoo, nikafuta mbwa. Mwalimu akanionyesha pia namna ya kufunga pengo: unakata kipande kitupu cha katikati, unasogeza pande mbili, unaziunganisha, na mtu hajui kama kulikuwa na nafasi. "Pengo likikaa katikati ya watu," alisema, "picha inaonekana kama wamegombana."

Ndipo mwanangu alipotangaza jambo lake. Alikuja toka Nkende, akatuita sote wawili. "Mama zangu, sebule yangu ina ukuta mkubwa mtupu. Nataka picha moja ya ukoo wote, nitaikuza, niiweke kwenye fremu. Kila mmoja apige yake. Itakayonipendeza ndiyo itakayokaa."

Mke mwenzangu akasema, "Ya dada mkubwa itatosha." Alisema kwa upole ule wake, na mimi nikajua ameshajihesabu mshindi. Niliutaka ukuta ule. Mtoto ni wangu, nyumba ni ya mtoto wangu, halafu wageni waingie waambiwe hii alipiga mama mdogo?

Siku hiyo tuliyokusanyika, yeye alipiga asubuhi, kabla ya kula, na mimi nikasimama na wenzangu kwenye mstari nikiwa nimejifunga kitenge changu kizuri. Mimi nilipiga jioni, watu wameshiba, na yeye akaingia kwenye mstari. Kwake mwanangu alitoka amefumba macho. Kwangu aliyafumbua, tena anatabasamu kama mgombea. Ushindi wangu ulianzia kwenye kope.

Kasoro yangu ilikuwa moja. Mke mwenzangu alisimama, kisha nafasi, kisha mkwe wake. Binti, ambaye angejaza nafasi ile, alikuwa amekaa chini mbele na mtoto. Nikalitazama lile pengo kwenye kioo changu chenye ufa, nikakata, nikasogeza, nikaunganisha. Watu wakabanana vizuri, mstari ukajaa. Nikamtumia mwanangu. Akajibu, "Mama, hii ndiyo." Nilicheza peke yangu jikoni.

Siku ya kutundika tulikwenda Nkende sote. Picha ilikuwa kubwa kama mlango, imefunikwa shuka. Mwanangu akavuta shuka. Watu wakapiga makofi, halafu makofi yakakatika.

Mkwe alikuwa na soda mkononi. Akaiweka chini taratibu, akavaa kofia mpaka machoni, akatoka nje. Mke mwenzangu akajifunika uso kwa kitenge. Ndipo nikaona nilichofanya: bega kwa bega, mkono wa mkwe umezama kwenye kitenge cha mama mkwe wake. Kwetu hao wawili hawapeani hata mkono. Hawakai benchi moja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Nafasi ile waliiacha wenyewe, kwa heshima.

"Kwani kuna nini?" mwalimu akauliza. "Mbona wamependeza?"

"Hapo ndipo ubaya ulipo, mwalimu," mke wa mwanangu akamjibu.

Mke mwenzangu akasema ndani ya kitenge, "Dada mkubwa, ndiyo umeniozesha kwa mume wa binti yangu?"

Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, isipokuwa mimi na aliyeko nje. Tulimsikia dirishani akilalamika, "Mimi mama sijawahi kumgusa hata kwa kidole! Nyumba yenye picha hiyo mimi siingii tena!"

"Mura, itundue," nikamwambia mwanangu. Mura ndivyo tunavyomwita kijana wa kiume, hata akiwa na mvi. "Nilikuwa nafunga pengo tu."

Wapo wanaosema nilifanya kusudi. Wivu ninao, sikatai, lakini wivu wangu ulikuwa kwenye ukuta, haukuwa kwenye bega la mkwe.

Nikadhani sasa itatundikwa ile yake ya asubuhi, na macho ya mwanangu yakiwa yamefumbwa. Lakini mke mwenzangu akajifunua uso, akasema, "Dada, nitumie ile ya kwanza, kabla hujaikata." Nikamtumia. Akainamia simu yake palepale kwenye kochi. Alilirudisha pengo, kisha kutoka kwenye picha yake ya asubuhi akanichukua mimi, na kitenge changu kizuri, akanisimamisha katikati yake na mkwe wake, maana mimi sikumzaa binti, mkwe hanikwepi. Alinilainisha kingo, akanipunguza kidogo nilingane na wenzangu. Alipomaliza, mwanangu akatoka na simu nje. Mkwe akaiangalia muda mrefu, akarudi ndani, akaichukua soda yake.

"Sasa hapo sawa," akasema. "Bibi mkubwa ametutenganisha."

Picha hiyo ndiyo iliyokuzwa upya, na ndiyo iliyoko ukutani Nkende. Mimi niko katikati ya ukoo wangu, nimenyooka, nang'aa kuliko ninavyong'aa kwenye kioo cha nyumbani. Na kila mgeni akiingia anauliza nani ametengeneza kazi hii, na mwanangu anajibu, "Mama mdogo." Niliyepiga ni mimi. Jua la jioni nililisubiri mimi, macho ya mwanangu niliyakamata mimi. Lakini mimi nimekuwa wa kupangwa, na yeye ndiye mpangaji. Nikikaa kwenye kochi lile naipa picha mgongo.

Jambo moja tu linanituliza. Mimi nilipigwa asubuhi na wenzangu jioni, kwa hiyo kivuli changu kinaangukia upande mmoja na vivuli vyao vyote upande mwingine. Hilo jicho la mwenzangu halikuliona, na sijamwambia.

Mliokuwepo, kama nimekosea mahali, nirekebisheni: kama binti hakukaa chini, kama soda haikuwekwa chini bali mezani, kama aliyeanza kucheka alikuwa mwalimu. Hata kama mwalimu alianza kumfundisha mwenzangu kabla yangu, semeni tu, nitasikiliza. Ila la kivuli msinibishie kabla hamjafika Nkende mkaangalia.